Programu ya Ghala la Korosho na Leseni Yake
Mada kwa semina ya waandishi wa programu na watendaji wa vyama vya msingi, Newala



Nimeombwa nizungumzie leseni za programu huria. Nitazizungumzia kwa kazi ambayo kila aliye ukumbini humu anaijua, yaani kupokea korosho ghalani. Mkulima analeta magunia, karani anapima, anaandika kilo na daraja, anatoa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, makato yanatolewa, na kinachobaki kinaingia benki. Korosho za Mtwara ziliingia katika utaratibu huu wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/2008, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005. Kuanzia msimu wa 2024/2025 minada imehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake, MUVU. Chini ya mifumo hiyo mikubwa kuna kazi ndogondogo ambazo kijana mwenye kompyuta moja anaweza kuzirahisisha: orodha ya salfa ya mikorosho iliyogawiwa, hesabu ya magunia, na mchanganuo wa makato ya mkulima mmoja mmoja. Tuchukue kwamba programu ya namna hiyo imeandikwa, inafanya kazi, na mwandishi anataka iwe huria. Aweke leseni gani?

Kwanza aelewe kwamba asipoweka leseni yoyote hajaifanya huria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaziweka programu za kompyuta katika fungu moja na vitabu na maandishi mengine. Ulinzi unaanza kazi inapoandikwa, bila fomu wala muhuri. Kwa hiyo msimbo uliowekwa mtandaoni kwenye GitHub bila leseni unasomeka na kila mtu, lakini AMCOS, yaani chama cha msingi, ya jirani ikiuchukua na kuubadili imeingia katika mali ya mtu bila ruhusa. Nasikia vijana wakisema "nimeweka wazi, atakayetaka achukue." Nia hiyo ni njema, ila mwanasheria wa chama kikuu hataipokea, na akiikataa atakuwa amefanya kazi yake.

La pili linakuja kabla ya leseni yenyewe, nalo ni kujua mwenye mali. Anayeweza kutoa leseni ni mwenye hakimiliki tu. Kama umeandika programu ukiwa umeajiriwa na halmashauri, au kwa fedha za mradi, au chama kimekulipa uiandike, usome mkataba wako kabla hujasoma leseni yoyote. Kama mkataba hauligusi jambo hilo, liandikwe sasa, wakati nyote mnaelewana. Chama kikuu, kiwe MAMCU au TANECU, kina bodi na kina mihtasari, na azimio la mistari mitatu linatosha.

Sasa leseni zenyewe. Ziko nyingi, lakini kwa mahitaji yetu zinagawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza lina masharti mepesi: MIT, BSD, na Apache 2.0 ya mwaka 2004. Chukua, badili, uza, hata ufunge ukitaka, mradi jina la mwandishi na tangazo la hakimiliki vibaki. Apache inaongeza kifungu cha hataza, ambacho kwa kampuni kubwa kina uzito na kwa ghala la korosho hakina uzito mkubwa. Kundi la pili linarithisha masharti. Mama yao ni GPL, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1989 na ambayo toleo lake la pili ndilo linalolinda kiini cha Linux hadi leo. Ukimpa mtu mwingine programu ya GPL, iwe umeibadili au la, umpe na msimbo wake na haki zilezile ulizopewa wewe.

Wengi hupenda kundi la kwanza kwa kuwa ni jepesi kusoma. MIT haijazi hata ukurasa. Na mfano mzuri wa kulitetea uko karibu sana. Taarifa za MTUHA, yaani za uendeshaji wa huduma za afya, zinazotoka zahanati na hospitali za mkoa huu, Mkomaindo ikiwemo, huingia katika DHIS2, mfumo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa leseni ya BSD, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiuendeleza kwa mahitaji ya Tanzania. Leseni ni nyepesi kabisa, na mfumo umeenea katika nchi nyingi bila mtu kuuteka. Kwa nini basi tusifanye hivyohivyo?

Kwa sababu nyuma ya DHIS2 kuna Oslo. Kuna chuo, wafadhili, waandishi wa programu wanaolipwa mishahara, na wizara za afya zinazotaka toleo litokalo pale na si kwingine. Mtu akichukua msimbo huo na kuufunga, ataachwa nyuma na toleo linalofuata. Kinachoulinda mfumo ule ni taasisi, wala si leseni. Programu yetu ya ghala haina taasisi ya namna hiyo. Ina kijana mmoja Masasi, rafiki yake Newala, na karani anayewapigia simu mizani inapogoma. Kampuni yenye mtaji ikiichukua chini ya MIT, ikaipamba na kuifunga, kisha ikawauzia AMCOS zilezile kwa ada ya kila msimu, itakuwa haijavunja sharti lolote. Tunaijua biashara hiyo: korosho inaondoka bandarini ikiwa ghafi, thamani inaongezwa India au Vietnam, na faida ya kubangua inabaki huko.

Ndiyo maana kwa programu hii napendekeza AGPL toleo la 3. Nisisitize hiyo A, maana GPL ya kawaida ina mwanya unaotugusa sisi hasa. Sharti lake la kutoa msimbo linaamka pale unapompa mtu nakala ya programu. Lakini mifumo ya leo haigawi nakala. Programu inakaa kwenye seva Dar es Salaam, karani wa Newala anaifungua kwenye simu, na hakuna nakala iliyotoka mkononi mwa kampuni. AGPL, iliyotolewa mwaka 2007, ina kifungu cha 13 kinachosema kwamba ukiibadili programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, uwape hao watumiaji nafasi ya kupata msimbo wa toleo unaloliendesha. Kwa mkulima wa Mnyambe au Chiungutwa maana yake ni kwamba kanuni iliyokata fedha zake haiwezi kuwa siri ya kampuni. Yeye hatausoma msimbo, lakini mwanawe aliyesoma kompyuta ataweza, na afisa ushirika ataweza. Sihitaji kuwakumbusha ni mikutano mingapi ya vyama huku imechafuka kwa neno "makato".

AGPL ina gharama zake. Google inawakataza wafanyakazi wake kuitumia, na kampuni nyingine huikwepa. Mimi hilo halininyimi usingizi, kwa kuwa Google haitanunua programu ya kugawia salfa. Na serikali haziiogopi leseni hii: OpenLMIS, ambayo eLMIS ya ugavi wa dawa Tanzania ilijengwa juu yake, ina leseni ya AGPL.

Vijana wataniuliza watakula nini. Hakuna leseni huria inayokataza kulipwa. Mtatoza ufungaji, mafunzo ya makarani, matengenezo ya msimu, na ripoti ambazo bodi inazitaka kesho asubuhi. Zaidi ya hayo, mwenye hakimiliki hafungwi na leseni yake mwenyewe, na anaweza kumuuzia mteja mwingine leseni tofauti. Ila akishapokea michango ya wengine, kila mchangiaji ana sehemu yake, na bila makubaliano ya maandishi mlango huo umefungwa. Amueni mapema kama mnauhitaji.

Si kila kipande kinastahili AGPL. Kile kinachosoma uzito kutoka kwenye mizani, kwa mfano, kitolewe kwa Apache, kwa kuwa tunataka kila mtu akitumie, hata mwenye programu iliyofungwa, ili mizani zote za mkoa zisomeke kwa njia moja. Na kabla ya kuamua kitu chochote, pitieni maktaba za msimbo mlizotumia. Ukiwa umeingiza kipande cha GPL ndani ya programu yako, huwezi kuitoa programu nzima kwa MIT. Apache 2.0 inakaa vizuri na GPL toleo la 3, lakini haikai na ile iliyofungwa kwenye toleo la 2 pekee.

Msijitungie leseni. Nimeona waraka wa Kiswahili unaosema programu itumike "kwa manufaa ya wakulima tu". Sentensi hiyo inavutia, lakini inaiondoa programu katika huria, kwa kuwa inachagua mtumiaji, na haielezi nani atakayepima manufaa. Wekeni maandishi kamili ya leseni kama yalivyo, kwa Kiingereza chake, katika faili linaloitwa LICENSE, kisha muandike nusu ukurasa wa Kiswahili kuieleza bodi. Nusu ukurasa huo ni wa kueleza tu. Kinachofunga ni yale maandishi ya awali.

Mwisho, leseni ya msimbo haigusi taarifa za wakulima. Majina, namba za simu, akaunti za benki na kilo za kila mtu ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hazina ruhusa ya kutoka pamoja na programu. Faili la majaribio liwe na majina ya kubuni tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Git, chombo cha kuhifadhi matoleo ya msimbo, hutunza historia. Orodha halisi ya wanachama ikiingia humo leo na kufutwa kesho, bado itapatikana kwa yeyote anayejua kurudi nyuma, na wa kwanza kuitafuta atakuwa mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho nje ya mfumo.