Faida ya Kusuka Pamoja



Wako waliouliza kwa nini chumba cha chama kitumiwe kila Jumamosi na wanawake wasukao mikeka, ilhali mikeka ya plastiki imejaa madukani kwa bei nafuu. Swali hilo ni la haki, nami nalijibu.

Maendeleo ya Wanawake walipoanza hapa Kenya mwaka 1952, walifundisha kazi za mikono pamoja na usafi na ulezi wa watoto. Nasi tumefuata njia hiyo. Ukindu hukaushwa na kuchanwa, chane zikasukwa kuwa ukili, na kili zikashonwa kuwa mkeka. Kazi hiyo ni ya siku nyingi. Hushika vidole, lakini huacha ulimi na masikio huru.

Mwaka huu mjane mmoja alikuwa akilala na njaa. Ofisini hakuja kuomba, kwa kuona haya. Aliyasema huku akisuka, wenzake wakasikia, na chama kikamsaidia.

Kwa hiyo naomba chumba kisifungwe. Mwenye shaka na aje Jumamosi. Chane zake ziko tayari.