Usingizi Nao ni Sehemu ya Ulinzi



Ziwa Kivu likitazamwa mchana kutoka vilima vya Kamembe, wilayani Rusizi, huonekana tulivu kama maji ya mtungini. Jua likizama, mambo hubadilika. Wavuvi wa sambaza huwasha taa zao na kutoka, na mpaka wa Rwanda na Kongo upitao majini hauna ukuta wala uzio. Huko ndiko wanamaji wa Jeshi la Ulinzi la Rwanda wafanyako doria. Na huko jicho moja lililosinzia laweza kuleta msiba: mvuvi akadhaniwa mhalifu, au mhalifu akapita akidhaniwa mvuvi.

Yapo mawazo ya kale kwamba askari shujaa hashindwi na usingizi. Mawazo hayo ni ya hatari. Wataalamu wamethibitisha kuwa mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili kama mtu aliyekunywa pombe. Tena, kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, mwili wenyewe hudai kulala, hata mwenyewe awe jasiri namna gani.

Ushahidi upo. Usiku wa tarehe 17 Juni, 2017, manowari ya Marekani iitwayo Fitzgerald iligongana na meli ya shehena karibu na Japani, na mabaharia 7 wakafa. Rada ilikuwapo, na silaha zilikuwapo. Lakini wachunguzi waliutaja uchovu wa mabaharia miongoni mwa sababu. Baadaye mwaka huo huo iliagizwa kwamba zamu zifuate saa ya mwili: baharia ashike zamu saa zile zile kila siku, na alale bila kukatizwa.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 humpa baharia wa meli za biashara mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Mkataba huo hauhusu meli za kivita. Kwa hiyo, katika doria, mlinzi wa usingizi wa askari ni kamanda wake.

Boti ya Kivu si manowari, lakini binadamu ashikaye usukani ni yule yule. Basi kila kamanda hana budi kuzihesabu saa za kulala za askari wake kama ahesabuvyo mafuta na risasi, kabla boti haijang'oa nanga.