Swali la Dona: Watafiti wa Chakula na Lishe Wafanyeje Kazi Pamoja



Mama mwenye mtoto wa miezi minane akipeleka mahindi mashineni lazima aamue: akoboe, au asage dona? Mtaalamu wa lishe humshauri dona, maana ganda na kiini cha punje ndimo yalimo madini, vitamini na nyuzinyuzi. Yuko sahihi. Mtaalamu wa usalama wa chakula humwambia akoboe, maana humo humo ndimo sumukuvu, yaani sumu za ukungu, hujazana zaidi. Naye yuko sahihi. Wote wawili tumewafundisha sisi, na mara chache sana tumewakalisha pamoja wakampa mama huyu jibu moja.

Sumukuvu si jambo dogo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, wagonjwa 317 waliripotiwa na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 msiba kama huo ulizikuta familia za Dodoma na Manyara. Kwa Kenya, walioshtuka kwanza walikuwa madaktari, walipoona macho ya watu yanageuka manjano. Chanzo kilikuwa kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Daktari peke yake asingekiona, na mtafiti wa mazao asingejua kuwa kuna watu wanakufa.

Ndiyo maana naomba mtandao wetu wa watafiti wa chakula na lishe uanzie kwenye sampuli. Aflatoksini, sumukuvu ninayoizungumzia, haienei sawasawa: punje chache zenye ukungu zinaweza kuharibu gunia zima, na ukichota konzi moja juu ya gunia unaweza kupata majibu safi kabisa huku sumu imelala chini. Mchukua sampuli huchoma bambo, kile chuma cha kutolea nafaka guniani, juu, katikati na chini, gunia baada ya gunia, akachanganya, akasaga, ndipo akapima. Kazi hii ni ya jasho na ina gharama. Inauma kuona idara tatu zinakwenda kijiji kile kile kwa nyakati tofauti, kila moja na bambo lake, na hakuna anayeona majibu ya mwenzake. Sampuli iliyochukuliwa vizuri mara moja ingewatosha mkemia, mtaalamu wa lishe na daktari anayefuatilia ini.

Na mtaalamu wa mifugo pia. Tukishamshauri mama akoboe, pumba zinakwenda wapi? Zinaliwa na kuku na ng'ombe, na ng'ombe aliyekula sumu hiyo huitoa kwenye maziwa. Tunakuwa tumeiondoa kwenye ugali tukaipeleka kwenye kikombe cha mtoto. Swali hilo halijibiwi na mtu wa mahindi peke yake. Uji wa lishe nao una mtego wake: karanga tunazoziongeza kwa ajili ya protini na mafuta hushambuliwa na ukungu ule ule, na kuchemsha uji hakuiondoi sumu.

Mifano ya kuanzia tunayo. Rombo, watafiti walizifundisha kaya kuchambua mahindi kwa mkono, kuyaanika juu ya mikeka badala ya ardhini, kuyahifadhi vizuri na kuyakoboa, kisha wakawapima watoto wenyewe uzito. Kongwa, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na Chuo Kikuu cha Cornell wamefuatilia ukuaji wa watoto waliopewa unga wenye sumukuvu kidogo. Kinachonivutia katika kazi hizi ni kwamba kihenge na mizani ya kliniki viliwekwa ndani ya utafiti mmoja.

Sasa niseme yale magumu. Ushirikiano wetu huvunjikia kwenye mambo mawili: jina la nani litangulie kwenye makala, na nani alipie maabara mradi wa mfadhili ukiisha. La kwanza liandikwe na kutiwa saini kabla bambo halijaingia kwenye gunia, na mkubwa asimmeze kijana aliyelala kijijini. Pia kaya iliyotoa mahindi ipewe majibu kabla ya jarida lolote, kwa Kiswahili, pamoja na mahindi mbadala ikiwa yake hayafai kuliwa. Kumwambia mtu chakula chake kina sumu kisha ukaondoka na gari ni ukatili.

La pili nalielekeza kwa wakuu wa idara waliomo ukumbini. Vitendanishi vya maabara, nauli ya wachukua sampuli na mahindi ya fidia viingizwe kwenye bajeti zetu wenyewe za mwaka ujao, hata kwa kiasi kidogo, ili msimu wa mavuno ukifika tusiwe tunasubiri barua ya mfadhili.