Kikaango cha mkate wa Norway katika majiko ya Waethiopia wa Washington

Jikoni mwa familia za Waethiopia na Waeritrea wanaoishi Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, si ajabu kukuta kikaango bapa cha umeme, cha mviringo, chenye upana wa inchi 16, yaani kama sentimita 40. Mgeni hudhani kimeletwa kutoka Addis Ababa. Sivyo. Kikaango hicho kilitengenezwa katika mji mdogo wa Cresco, jimbo la Iowa, na waliokusudiwa kukitumia walikuwa wajukuu wa wahamiaji kutoka Norway.

Wahamiaji hao, waliofika Marekani kwa wingi katika karne ya 19 na kufanya makazi Minnesota, Wisconsin, Iowa na Dakota, walikuja na mkate wao uitwao lefse. Viazi mviringo huchemshwa, vikapondwa hadi vilainike kabisa, vikachanganywa na siagi, krimu na unga wa ngano, kisha donge husukumwa mpaka liwe jembamba kuliko chapati. Huokwa juu ya chuma kikavu, bila mafuta, na kugeuzwa kwa kijiti kirefu na bapa. Mkate mpana namna hiyo hauenei katika kikaango cha kawaida, nao huungua upesi moto usipokuwa sawa kila upande. Ndipo kikabuniwa chuma cha umeme chenye kipimo cha joto, kifikacho nyuzijoto 260 za Selsiasi.

Mahitaji ya injera ni karibu yale yale: upana, moto mkali, na joto lililoenea sawasawa.

Waethiopia wengi walitawanyika baada ya mapinduzi ya mwaka 1974 yaliyomwondoa Mfalme Haile Selassie, na umwagaji damu uliofuata chini ya utawala wa Derg. Sheria ya wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980 iliwafungulia wengine mlango. Mjini Washington, mkahawa wa Mamma Desta ulifunguliwa mwaka 1978, ikafuata mingine katika mtaa wa Adams Morgan, na baadaye kandokando ya U Street. Lakini mkahawa ni mkahawa, na nyumbani ni nyumbani. Katika nyumba za kupanga hapakuwa na mitadi, kile kigae kipana cha udongo cha kuokea injera, wala mahali pa kuwasha kuni chini yake.

Mtu angeweza kuuliza: kwa nini wasioke injera ndogo katika kikaango kidogo? Anayeijua sinia ya pilau ya Waswahili hatauliza. Injera ndiyo sahani, ndiyo kijiko, na ndiyo kitambaa cha meza. Mchuzi humiminwa juu yake na watu hukaa kuizunguka. Ikiwa ndogo, kila mtu anakula chake peke yake, na mlo unakuwa kitu kingine kabisa. Chuma cha Iowa kiliwarudishia watu hao duara la kukalia pamoja, ijapokuwa ni jembamba kidogo kuliko lile la nyumbani.

Kazi yenyewe inataka subira. Unga wa tefu, nafaka ambayo punje yake ni ndogo kuliko ya ulezi, huchanganywa na maji na chachu iitwayo ersho, ambayo ni maji ya manjano yaliyobakizwa katika uchachushaji uliopita. Rojo hilo hufunikwa siku mbili au tatu. Wakati wa baridi kali ya Januari huchelewa zaidi, isipokuwa likiwekwa mahali penye uvuguvugu. Maji yaliyopanda juu humwagwa. Kisha sehemu ndogo ya rojo huchemshwa mpaka iwe kama uji mzito, ikarudishwa chomboni, na lote likaachwa liumuke tena. Hatua hii ya uji ndiyo ambayo wanaojifunza huipuuza, halafu wakashangaa injera yao kukatika.

Rojo humiminwa kwa mzunguko, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Mara vitundu huanza kufunguka. Waethiopia huviita macho, na injera isiyo na macho haimpi sifa mpishi. Hapo hufunikwa, ili mvuke uivishe juu, maana injera haigeuzwi kama chapati. Lefse haihitaji mfuniko, kwa hiyo mfuniko mpana ulibidi kutafutwa kando. Miaka ya baadaye vilikuja vikaango vya umeme vilivyobuniwa kwa injera yenyewe.

Tefu nayo ina kisa chake. Mmarekani Wayne Carlson, aliyefanya kazi Ethiopia katika miaka ya 1970, alianza kuilima katika jimbo la Idaho miaka ya 1980. Zao hilo lilifaa sana mwaka 2006, serikali ya Ethiopia ilipopiga marufuku kusafirisha nje nafaka ya tefu kwa kuhofia bei kupanda nchini mwake. Hata hivyo tefu ni ghali, na waokaji wengi wa Washington huichanganya na unga wa shayiri au ngano. Ladha hupungua ukali. Hilo ni suala la mazoea. Hatari iko kwa mgonjwa ambaye tumbo lake halistahimili gluteni: tefu haina gluteni, lakini ngano na shayiri zinayo, naye akinunua injera dukani kwa kuamini jina tu, huenda akaugua. Ni heri aulize kwanza imeokwa kwa unga gani.

Madukani injera si haba. Huuzwa ikiwa imefungwa katika mifuko ya plastiki, nyingine ikiwa imeokwa mitaa ya jirani, nyingine imesafiri kwa ndege kutoka Addis Ababa. Kwa mzazi anayerudi kazini saa mbili usiku, mfuko huo ni msaada usio na mfano. Chuma hubaki kabatini hadi siku kuu ikaribie. Na ersho ikiwa imekwisha, kwa kuwa haiwi tayari kwa siku moja, hupigwa simu kwa jirani aliyeoka wiki hiyo, ili abakize kikombe kimoja.