Kwa Nini Mafundisho ya Kweli Huamsha Uadui
Hotuba kwa walimu na waumini katika Jubilei ya Jimbo



Siku hizi za Jubilei twasoma hesabu za waliobatizwa na za makanisa yaliyojengwa, nasi twafurahi. Lakini liko swali ambalo walimu vijana hawaachi kutuuliza: Ikiwa habari tuihubiriyo ni njema, mbona watu huikasirikia?

Na tuikumbuke Buganda. Tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, Kabaka Mwanga alirudi kutoka kuwinda ziwani, akakuta vijana wake wengi hawapo. Akauliza, akapata habari kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikiro. Angalieni kosa lenyewe: hakuiba, wala hakufanya fitina, alimfundisha mwenzake. Mwanga akamchoma kwa mkuki, kisha akamtoa kwa wauaji.

Sisi twaona kwamba mfalme yule alikasirika kwa kuwa aliyafahamu mafundisho, wala si kwa kutoyafahamu. Vijana wale walimtumikia vema. Lakini walikwisha kujua kwamba yuko Bwana aliye juu ya Kabaka, na kwamba miili yao si mali ya mfalme ya kufanyia uchafu. Karoli Lwanga aliwaficha wadogo wasichukuliwe. Kabla yake Yosefu Mukasa Balikuddembe alimwonya Mwanga kwa ajili ya kuuawa kwa James Hannington, Askofu wa Waanglikana, na kwa hiyo Balikuddembe naye aliuawa, tarehe 15 Novemba 1885. Kweli, Mwanga aliogopa pia Wazungu wasimnyang'anye nchi, wala hofu hiyo haikuwa ya bure: mwaka 1894 Waingereza waliiweka Buganda chini ya ulinzi wao, na baadaye yeye mwenyewe akahamishwa mpaka Shelisheli, akafa huko mwaka 1903, naye amekwisha kubatizwa.

Walakini si kila uadui ni wa namna hiyo. Tulipokuwa wapya katika kazi tulifukuzwa katika kijiji kimoja, tukarudi misioni tukijisifu kwamba tumeteswa kwa ajili ya Bwana. Padre alitusikiliza hata mwisho, halafu akauliza tuliwaambia nini watu wale. Ikatubidi kusema kweli: tuliingia matangani, tukawaambia wafiwa kwamba mzee wao yuko motoni. Kesho yake Padre alituamuru kurudi kuomba radhi. Wenyeji wale hawakulichukia Neno. Walikuwa hawajalisikia bado.

Tena uko upinzani utokao kwa watupendao, na huo ndio mzito kuliko yote. Mbaga Tuzinde alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka. Mukajanga alimsihi aseme neno moja tu, kwamba ameacha kusali, naye atamficha. Kijana akakataa. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walipochomwa moto pamoja, Mukajanga aliagiza Mbaga apigwe kwanza shingoni, afe kabla ya kutiwa motoni. Hilo tu ndilo aliloweza kumfanyia mwanawe.