Behewa Kuukuu Shambani: Karatasi Kwanza, Gesi Baadaye

Maelezo kwa wakazi wa Kitengela, Kajiado mjini na vijiji vilivyo kando ya reli



Swali lililoletwa mbele ya kikao hiki ni jepesi kuliuliza. Mtu amenunua shamba, au amerithi kipande katika mgawanyo wa ardhi ya jamii, na ndani yake kuna behewa la garimoshi. Halina injini, halina njia, nyasi zimeota katikati ya magurudumu. Liko pale tangu enzi ambazo hata mzee wa kijiji hazikumbuki vizuri. Mwenye shamba anataka kujenga nyumba, au kuweka boma la ng'ombe, au kuuza ploti, na mnunuzi anasema hataki kununua pamoja na lile dude. Je, aliite gari la vyuma chakavu lije limalize kazi?

Jibu fupi ni kwamba asiliite bado.

Kajiado haikupata mabehewa haya kwa bahati mbaya. Njia ya kutoka Konza hadi Magadi, inayopita mjini Kajiado na kuteremka bondeni, imekuwepo kwa zaidi ya miaka 100. Ilijengwa ili kusafirisha magadi ya ziwani, na kazi hiyo inaendelea hadi leo. Upande wa mashariki wa kaunti, kuelekea Emali na Sultan Hamud, ipo njia kuu ya kutoka Mombasa, ile ya zamani na ile ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017. Kitengela nayo inapakana na Athi River, mji uliokua pamoja na reli. Panapopita garimoshi kwa karne nzima, lazima vitu vibaki: behewa lililoanguka likasukumwa kando, jingine lililonunuliwa mnadani likafanywa stoo, jingine lililoachwa kwenye njia ya pembeni ya machimbo ambayo hayachimbwi tena.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni kujua kitu chenyewe ni nini. Wengi wanaosema wana behewa, hasa pande za Kitengela, kumbe wana kontena. Kontena halina magurudumu, na mlangoni lina herufi 4 zikifuatwa na tarakimu 7. Likiwa tupu, lile la futi 20 lina uzito wa tani 2 na kidogo, na lori lenye kreni ndogo linalimudu kwa saa moja. Hilo ni jambo la mwenye kontena na risiti yake. Behewa ni kitu kingine kabisa. Chini lina ekseli, springi, vyuma vya kuungia na mitungi ya hewa ya breki, na behewa refu la magurudumu 8 linaweza kuzidi tani 15 likiwa tupu. Uzito wake mara nyingi umeandikwa ubavuni, pamoja na nambari yake. Mwenye shamba apanguse vumbi taratibu kwa kitambaa chenye maji, bila kukwangua rangi, aisome nambari hiyo na kuipiga picha.

Herufi zilizoko karibu na nambari zinasimulia historia ya umiliki. EAR ni reli ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa ya nchi tatu kwa pamoja hadi jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. KR ni Shirika la Reli la Kenya, lililoundwa mwaka 1978 na kurithi mali iliyobaki upande huu. RVR ni kampuni iliyokodishiwa reli kuanzia mwaka 2006 hadi mkataba wake ulipokatizwa mwaka 2017. Kwenye njia ya Magadi kuna pia mabehewa ya kampuni ya magadi yenyewe, ambayo leo inaitwa Tata Chemicals Magadi. Herufi zikiwa zimefutika, vipimo husaidia. Katika reli ya zamani, nafasi kati ya chuma na chuma cha njia ni mita 1 kamili. Katika reli ya kisasa ni milimita 1,435.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Husema, "Liko kwangu miaka 20, ni langu." Ile sheria ya miaka 12 inayotajwa sana katika kesi za mashamba inahusu ardhi, haihusu behewa. Na hata kwenye ardhi haimsaidii mtu dhidi ya ardhi ya Serikali. Kitu kinachohamishika hakigeuki kuwa mali ya mtu kwa sababu tu mwenyewe amechelewa kukichukua. Mtu akikikata na kukiuza, anaweza kujikuta akijibu shtaka chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, cha kushughulikia mali ya wizi, ambacho kifungo chake kinafika miaka 14. Mwenye lori naye anaweza kushikwa njiani na kutakiwa aeleze chuma kimetoka wapi.

Tena tangu Januari 2022 macho yameongezeka. Mwezi huo milingoti ya umeme ilianguka Nairobi, nchi ikaingia gizani, na Rais wa wakati huo akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo huo, lakini kwa masharti makali. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka kila mnunuzi awe na leseni ya Baraza la Vyuma Chakavu na aweke kumbukumbu ya kila anachonunua na aliyemuuzia. Mnunuzi anayekuja usiku bila kitabu, akitoa pesa taslimu na kusema "mzee, tusisumbuane na karatasi", anamwachia mzee huyo kesi.

Basi mwenye shamba afanye nini? Aanze na ardhi. Hifadhi ya reli si shamba la mtu, hata kama ua umesogezwa ukaifunika na mahindi yanapandwa humo kila msimu. Katika mgawanyo wa ranchi za jamii, na baadaye katika kukata ploti za 50 kwa 100, mipaka mingi ilipita karibu mno na njia ya reli. Afanye sachi katika ofisi ya ardhi Kajiado, kisha mpimaji aliyesajiliwa amwonyeshe bikoni. Behewa likiwa ndani ya hifadhi, mwenye shamba hana la kuliondolea. Kazi yake ni kuarifu tu. Likiwa ndani ya shamba lake kweli, basi ana haki ya kutaka liondolewe, na njia ya kudai haki hiyo ni barua.

Barua iende kwa Shirika la Reli, makao makuu Nairobi. Itaje nambari ya behewa, nambari ya shamba, mahali kwa jina la kijiji na kituo kilicho karibu, na iambatishwe picha na nakala ya sachi. Iombe moja kati ya mambo mawili: Shirika lije lichukue mali yake, au litoe maandishi kwamba behewa hilo si lake au limeshauzwa. Nakala iende kwa chifu. Ni vyema pia taarifa iandikwe kituo cha polisi na nambari ya OB ihifadhiwe, ili siku vijana wasiojulikana wakija usiku kukata ekseli, lawama isimwangukie mwenye shamba. Kama anaamini behewa lilinunuliwa mnadani na mwenye shamba wa zamani, atafute risiti ya mnada kutoka kwa aliyemuuzia. Maneno ya "babu alilinunua" hayatoshi kwa polisi wala kwa mnunuzi mwenye leseni.

Wakazi huuliza kwa nini Kaunti isilete tingatinga na kumaliza. Katika Jedwali la Nne la Katiba, taka ni kazi ya kaunti, lakini reli ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haiwezi kuuza, kukata wala kumgawia mtu mali ya reli. Inachoweza ni kumwelekeza mkazi na kusimamia taka zinazobaki baada ya kazi. Majibu ya barua huchukua muda, hilo ni kweli, na mwenye kujenga hana muda. Ndiyo sababu barua inafaa kuandikwa kabla fundi hajachimba msingi, na kama shamba linauzwa, kabla makubaliano hayajatiwa sahihi.

Wakati wa kungoja una hatari yake, na katika kaunti ya wafugaji hatari hii inastahili kusemwa polepole. Rangi ya zamani ya vyuma mara nyingi ina madini ya risasi. Rangi hiyo ikibambuka huanguka chini vipande vipande, na ladha yake ina utamu. Ng'ombe hulamba, hasa ndama, na hasa wakati wa kiangazi wanapokosa chumvi. Hulamba pia grisi kuukuu kwenye ekseli. Ng'ombe aliyekula risasi husaga meno, hupofuka, hutembea akizunguka au kusukuma kichwa kwenye ukuta, hutetemeka na kuanguka. Mfugaji wa Kimaasai akimwona atasema ni ormilo, atatafuta dawa ya ugonjwa wa kupe, na dawa hiyo haitafaa kitu. Kama malisho yake yana behewa, au betri kuukuu za gari, amwambie daktari wa mifugo jambo hilo mapema. Maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe na watoto, kwa kuwa risasi hupita kwenye maziwa, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Ua wa miiba kuzunguka behewa, umbali wa hatua kadhaa, unatosha kwa kuanzia, na hauhitaji kibali cha mtu. Watoto wasichezee ndani: sakafu zimeoza, milango ya kusukuma huweza kuchomoka kwenye reli yake, na nyoka na nyuki hupenda kivuli hicho kuliko watu.

Kibali cha maandishi kikishapatikana, kazi ya kukata si ya fundi wa mageti. Chuma chenye rangi ya risasi kikikatwa kwa gesi hutoa moshi wenye sumu. Rangi hukwanguliwa kwanza kwa njia ya maji kwenye mistari itakayokatwa, na mkataji huvaa kinyago cha kuzuia moshi huo, si kitambaa cha puani. Mitungi ya breki ifunguliwe hewa itoke. Springi zilizobanwa na uzito hazikatwi mpaka mwili wa behewa uwe umeinuliwa na kuwekwa juu ya magogo. Behewa la tangi ni balaa zaidi: hata baada ya miaka mingi, mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja. Hilo lisiguswe kabla ya kusafishwa na wenye ujuzi huo.

Behewa la abiria huweza kuwa na asibestosi ndani ya kuta na dari. Ikionekana kitu kama pamba ya kijivu au ubao unaovunjika kwa unyuzinyuzi, kazi isimame. Asibestosi huondolewa na kuzikwa chini ya masharti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, mahali palipoidhinishwa. Haitupwi korongoni, wala haichomwi pamoja na takataka za boma. Wanaodhani haya ni makaratasi ya ofisini wakumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi wa huko walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri. Pesa hizo hazikuwarudisha watoto waliokufa.

Vipande vikipakiwa, visafiri mchana, na dereva awe na nakala ya kibali, barua ya chifu na leseni ya mnunuzi. Behewa likisafirishwa zima, upana na uzito wake hulifanya kuwa mzigo usio wa kawaida, na kibali cha barabara kuu hutolewa na KeNHA. Viwanda vya chuma vya Athi River viko karibu, jambo ambalo ni baraka kwa Kitengela kwa sababu nauli haimalizi bei. Baada ya lori kuondoka, udongo wa juu uliojaa rangi na grisi ukwanguliwe na kuondolewa, na mahali hapo pasipandwe sukuma wiki wala pasifanywe pa kulazia ndama.

Wapo wasiotaka kuliondoa. Behewa zuri linakuwa stoo ya majani, duka, hata darasa. Hakuna ubaya, mradi umiliki uwe wa karatasi na kibali cha ujenzi kiwe kimetolewa na Kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kwa sababu behewa linalotumiwa na watu ni jengo. Na mara moja moja linatokea behewa ambalo si la kukatwa kabisa. Katika Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, lipo behewa ambamo afisa wa polisi aitwaye Ryall aliuawa na simba mwaka 1900 katika kituo cha Kima, ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti hii. Watalii hulipa kuliona. Kwa hivyo behewa la mbao, au lenye nambari na vibao vya shaba ambavyo havijang'olewa, lipigwe picha na picha zipelekwe makumbusho hayo pamoja na barua ile ile ya Shirika la Reli.

Wenye mabehewa waje ofisi ya wadi wakiwa na picha ya nambari na nakala ya sachi. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.