Kutandika Reli ya Manyoni Mezani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia, alipendekeza nieleze habari za utumishi wa serikali. Nilimwomba radhi. Mambo ya mafaili mnayajua, na wengine mmekuja hapa kuyasahau. Nitazungumza juu ya kitu ambacho mke wangu hukiita mchezo wa watoto, nacho ni kutandika reli ndani ya kompyuta.

Ipo programu iitwayo Trainz, iliyotolewa mara ya kwanza na kampuni ya Auran ya Australia mwaka 2001. Mtu huweza kuendesha treni humo, lakini mimi nilinaswa na ile sehemu ya kutengeneza njia yenyewe. Unapewa ardhi tupu, iliyokatwa vipande vya mita 720 kwa mita 720. Unainua vilima, unapanda miti, halafu unatandika reli kwa kubonyeza hapa, kuvuta hadi pale, na kubonyeza tena. Nikaamua kutengeneza kipande cha kwetu: kutoka Saranda kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, kisha tawi la kuja Singida, kilometa 115 hivi. Tawi peke yake linataka vipande visivyopungua 160.

Wadogo zetu huenda hawajui kwamba tawi hilo limezaliwa mara mbili. Waingereza walilijenga miaka ya 1930 kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, wakaling'oa miaka ya 1940. Baada ya uhuru reli ikatandikwa tena kufika Singida. (Vijana huniuliza kwa nini sikuchora reli mpya ya umeme iliyofika Makutupora. Nawajibu kwamba sikukua nikisikia honi yake.)

Utamu wa kazi hii uko kwenye njia panda. Ukiunganisha reli ya tatu mahali ambapo reli mbili zimekutana, pointi hujitokeza yenyewe pamoja na mkono wake wa kubadilishia njia. Sekunde mbili! Nilipoifanya Manyoni nilijiona injinia kamili. Lakini treni ya kwanza kupita pale iliruka kama mbuzi, kwa kuwa tawi langu lilikuwa limetoka kwa kona kali. Kumbe tawi lazima litoke likiwa karibu sambamba na njia kuu, liachane nayo taratibu. Ndiyo maana watu wa reli huzitaja pointi kwa uwiano, moja kwa nane, moja kwa kumi na mbili. Somo hilo lilinichukua jioni nne.

Mwinuko nao sikuujali. Usipoipa reli kimo chake kwa namba, hufuata ardhi ilivyo, ikapanda na kushuka kama nyoka. Mimi niliona hiyo ndiyo sura ya nchi yetu, nikaiacha.

Wakati huo Mzee alikuwa amekuja kukaa kwangu kwa matibabu ya macho. Ninyi wa bweni langu mnamkumbuka, yule aliyekuja siku za wazazi na koti la reli na mfuko wa karanga. Alifanya kazi miaka mingi katika genge la kutengeneza njia. Jioni moja alivuta kiti, akasogeza uso hadi karibu aguse kioo.

"Hii ni nini?"

"Stesheni, Baba. Na hii ni njia ya kupishania."

"Mbona imeinama?"

"Kidogo tu." Namba ilionyesha mita moja na nusu kwa kila mita mia.

"Ukiacha mabehewa hapa usiku, asubuhi utayakuta wapi?"

Nilicheka, nikamwambia kwamba mabehewa ya kompyuta hayaendi popote. Yeye hakucheka. Alikaa kimya, kisha akaanza kunieleza habari ya Igandu.

Mnakumbuka tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria ilishindwa mlima kule mkoani Dodoma, ikarudi nyuma yenyewe kwa kasi, ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 200. Mimi nilikuwa Mlimani wakati huo, nikasoma habari hizo gazetini, nikamwandikia Mzee barua ambayo hakuijibu. Nilidhani ni uvivu wa kuandika. Jioni ile, baada ya miaka zaidi ya ishirini, ndipo aliponiambia kwamba genge lao lilipelekwa kusaidia kusafisha njia, na kwamba mwenzake waliyeanza naye kazi alikuwa abiria katika treni ile. Hakunieleza aliyoyaona, nami sikumwuliza.

Akaniuliza kama reli ya kompyuta yaweza kung'olewa. Nikamwambia yaweza. "Basi ng'oa," akasema.

Tuling'oa stesheni nzima. Alinifundisha kwamba behewa huanza kutembea kwenye mteremko ambao jicho halioni. Baadaye nilisoma kwamba wahandisi wa India hawaruhusu stesheni izidi mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 400. Mzee hakuwa na namba hiyo, ila alipokuwa akiniambia "bado, shusha tena," tulikuwa tunaikaribia. Kisha akadai njia fupi ya pembeni inayoishia kwenye tuta la mchanga, ili behewa lililotoroka liingie huko badala ya njia kuu. Pointi yake, akasema, iwe daima imefunguliwa upande wa mchanga. Ndani ya programu kuna kifaa cha kusawazisha ardhi ifuate reli. Nilipobonyeza, tuta zima likajengeka papo hapo. Mzee alitazama mikono yake, akaguna.

Kazi hiyo imetuchukua miezi mitatu, nasi bado hatujavuka nusu ya tawi. Kompyuta nimekuja nayo, iko kwenye meza ya nyuma, karibu na chai. Anayetaka kuendesha treni aje, ila Mzee ameniagiza kwamba mtu asiondoke Manyoni kabla hajazikagua pointi zote.